Malimau ya Mkono Mmoja

Ilianza Jumamosi, ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Najua dakika kwa sababu nilikuwa natazama saa ya jikoni. Ndege ilikuwa inapita chini sana, madirisha yanatetemeka, na mimi najisemea hii lazima ni ya mizigo. Hapo hapo tumbo likanivuta, kisha nikahisi kile ambacho msichana yeyote anakijua hata akiwa usingizini. Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya chupa ya achari mpaka kwenye kifundo.

Niliganda.

Anayeweka achari ya malimau kwa namna nyingine atashangaa kuganda kwangu, kwa hiyo nieleze kwanza. Tunakaa Al Garhoud, huku Uarabuni, jirani na uwanja wa ndege, kwenye nyumba ya zamani yenye ua, ambayo Bibi, mama yake mama yangu, aliingia akiwa bi harusi kutoka Unguja. Uani kuna mlimau mmoja, na kando ya ukuta kuna bustani ya Bibi: nyanya, bamia, pilipili, mchicha, biringani mbili tatu. Bustani hapa inaishi wakati wa baridi tu. Tunapanda Oktoba, tunavuna Disemba mpaka Machi, na ikifika Mei jua limeshaua kila kitu, kilichobaki ni vijiti. Sasa miezi ya baridi kwetu ni miezi ya kuweka akiba. Nyanya zinachemshwa, zinasagwa, zinagandishwa kwenye mifuko bapa. Mchicha unachovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa vidonge vidonge. Bamia zinatungwa kwenye uzi na kuning'inizwa kwenye kamba ya nguo, kati ya taulo na mabuibui. Friza ikifika Februari haifungiki mpaka uisukume kwa goti.

Lakini hayo yote ni mchezo ukilinganisha na malimau. Malimau ndiyo Bibi. Hali wali bila achari, na anaposema hali, haweki hata tonge mdomoni. Na mwaka huo kulikuwa na jambo jingine: mwenye nyumba alikuwa amesema anaitaka nyumba yake mwisho wa Machi. Tulikuwa tunahamia fleti ghorofa ya sita. Friza inahamishika, mifuko ya mchicha inahamishika, mlimau hauhamishiki. Ile chupa moja ndiyo ilikuwa yote tutakayopata kutoka kwenye mti ule, kwa kiangazi kile na kwa maisha. Bibi hakusema hivyo. Alisema tu, "Mwaka huu tuyaweke yote, tusimgawie mtu," na Bibi ninayemjua mimi hugawa mpaka mfuniko.

Achari yake ina masharti. Chupa inaoshwa, inaanikwa juani siku nzima, isiguswe na tone la maji. Mikono iwe mikavu. Chupa moja, mkono mmoja: aliyeyashindilia malimau ndiye atakayeitoa juani kila asubuhi, ndiye atakayeitikisa, ndiye atakayeirudisha ndani kabla ya Magharibi, mpaka siku arubaini. Mikono miwili ikiingia, achari inachanganyikiwa. Hilo ndilo neno lake, inachanganyikiwa. Na sharti la mwisho ni kwamba asiyesali haigusi. Kwetu mwanamke hasemi yuko kwenye hedhi, anasema sisali, na kila mtu anaelewa. Asiyesali akiigusa achari, inaoza. Bibi aliambiwa na mama mkwe wake, na yule aliambiwa na wake.

Miaka yote mkono ulikuwa wa Bibi. Lakini vidole vyake vimeanza kupinda, na Mama yuko mapokezi hotelini, zamu zake hazitabiriki. Basi asubuhi ile, saa mbili na nusu, Bibi aliniita jikoni.

"Mke mwenzangu, unasali leo?"

Ndivyo anavyoniita, mke mwenzangu, kwa sababu Babu alipokuwa hai alikuwa akiniita mke wake, na Bibi hakuniachia bure.

"Nasali, Bibi."

"Hakika?"

"Hakika."

Na ilikuwa kweli. Saa mbili na nusu ilikuwa kweli kabisa. Tatizo langu ni kwamba mwili wangu wakati ule haukuwa na ratiba. Ulikuwa unakuja baada ya wiki tatu, au tano, au miezi miwili, kama mgeni asiyepiga simu.

Nikakausha mikono. Bibi akaketi kwenye kiti chake, fimbo magotini, akawa anatoa amri. Limau linapasuliwa mara nne bila kuachana, linafunguka kama ua, unalishindilia chumvi na pilipili ya kusaga na manjano, unalifunga, unalilaza chupani, unaligandamiza mpaka litoe maji. Mikwaruzo yangu yote ya vidole iliwaka moto.

"Shindilia! Unalibembeleza la nini? Hilo limau si mtoto mchanga."

"Nashindilia, Bibi."

"Unashindilia kama mtu anayengoja mshahara."

Dada, anayetusaidia kazi za nyumbani, alikuwa anasugua sufuria, akacheka. Yeye ni Mganda, Mkristo, na ana cheko moja linaloanzia puani. Tunamwita Dada tu. Yeye anamwita Mama "Madam" na Bibi "Hajati."

"Hajati, mwache mtoto. Mkono wake ni mzuri, tazama, haumwagi."

"Najua ni mzuri," Bibi akasema, na akaushika ule wa kushoto uliokuwa mezani, akaugeuza, akautazama kiganja. "Mkavu. Kama wangu nilipokuwa bi harusi. Mama yako ana mkono wa maji, hata chumvi inalia akiishika. Huyu ndiye."

Sikuwahi kusifiwa namna ile. Mimi ni mtu ambaye shuleni mwalimu akiita jina langu nasikia masikio yanapata moto. Kwenye shughuli za ukoo nakaa karibu na mlango. Na sasa Bibi ameniambia huyu ndiye, mbele ya mtu mwingine, na nilifurahi kiasi kwamba sikuweza kumtazama. Nikaingiza mkono chupani. Ndipo saa ikawa tatu na dakika ishirini.

Nilifikiri haraka, na vibaya. Nikiutoa mkono na kusema, chupa imeshaguswa. Nikimwachia Bibi amalizie, itakuwa na mikono miwili. Na ndoo ya malimau ilikuwa imebaki nusu. Tena ningesema vipi, na Dada yuko pale, na mlango wa jikoni uko wazi? Nikajiambia labda si yenyewe. Labda ni tumbo tu. Nikaendelea. Nikashindilia yale malimau yote mpaka la mwisho, nimebana miguu chini ya meza, na Bibi anasema "ahaa, sasa umejua," kwa sababu kwa hofu nilikuwa nashindilia kwa nguvu.

Chooni nikahakikisha. Ilikuwa yenyewe.

Mimi siku hiyo sikuogopa tu kwamba achari itaoza. Niliogopa kwamba itaoza na Bibi atajua nilikuwa najua. Kati ya saa tatu na dakika ishirini na saa nne kasorobo nilikuwa na malimau yasiyopungua ishirini na tano ya kusema ukweli, na kila moja nililipasua na kulijaza.

Ikaja Adhuhuri. Hapo ndipo nilipogundua kwamba uongo wangu una sehemu ya pili ambayo sikuipigia hesabu. Nisiposali, Bibi atajua. Atauliza tangu lini, na mimi uso wangu haujui kuficha. Nikamwambia nitasali chumbani. Nikafunga mlango, nikatandika msala, nikakaa kitandani nikiutazama. Nikakaa muda wa rakaa nne, nikaukunja.

Alasiri nikafanya vile vile. Lakini Magharibi haina kujificha nyumbani kwetu. Baba huenda msikitini, na sisi wanawake tunasali pamoja sebuleni, Bibi kwenye kiti chake mbele, Mama kama yupo, na mimi. Mama alikuwa zamuni.

"Yalla, mke mwenzangu. Wakati unakwenda."

Nikasimama nyuma yake. Sikutia nia, sikusoma kitu, nilifunga mdomo kabisa. Nilikuwa nainama na kuinuka kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Alipotoa salamu alinigeukia akanipa mkono, kama kawaida, na mimi nikaubusu, na ule mkono uliopinda ulikuwa bado unanuka malimau.

Sijui kama kuna kitu kibaya zaidi nilichowahi kufanya. Nimewahi kunakili hesabu za rafiki yangu. Haifiki hata karibu.

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu ya kuitoa chupa. Nikasimama mbele yake jikoni. Malimau yalikuwa mazuri, ya manjano, yamebanana kwenye kioo, maji yamefika karibu juu. Nikafikiri, jana niliigusa nikiwa nusu sijui. Leo najua. Nikiigusa leo ndiyo naiua kabisa. Nikachukua taulo, nikaizungushia chupa, nikaibeba kama mgonjwa mpaka uani, nikaiweka juani karibu na ukuta. Kuitikisa sikuweza. Kuitikisa unaikumbatia, unaipindua huku na huku mpaka maji ya chumvi yayapitie malimau ya juu. Nikaitazama tu.

"Umeitikisa?" Bibi akauliza dirishani.

"Nimeitikisa."

Dada alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa kamba. Akanyamaza mpaka dirisha likafungwa.

"Wewe. Umeitikisa saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Mimi nina macho mawili na nimesimama hapa." Akaweka kibanio cha nguo mdomoni, akaanika shuka, akakitoa. "Na jana usiku nimekuta maji ya baridi kwenye beseni na chupi inaloweka. Mimi siulizi. Mimi nasema tu nimekuta."

Nilitamani ua upasuke nidumbukie. Nikamwambia yote kwa kunong'ona, haraka haraka, nikitazama shuka. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Ehh, banange," akashangaa kwa Kiganda chake. "Kwetu ni shamba la njugu. Msichana kama ako na mwezi hapiti kwenye njugu. Zinakauka."

"Sasa?"

"Sasa mimi nilipita. Shule ilikuwa mbali na njia ya kuzunguka ina mbwa. Nilipita siku tatu."

"Zikakauka?"

"Zilizaa mpaka mgongo ukatuuma kuzing'oa. Lakini mimi nililala nimeumwa tumbo msimu mzima nikingoja zikauke." Akanitazama. "Sema tu kwa Hajati. Ako na maneno mengi, lakini hana ubaya."

"Usimwambie."

"Mimi? Mimi mdomo wangu ni benki. Lakini hiyo kusimama kusali, mtoto, hiyo mimi si Mwislamu na imenitisha."

Kama ningesema siku ile ingeisha. Nilijua hata wakati ule. Lakini mtu mwenye aibu haamui jambo, analiahirisha, kisha anaita hiyo subira.

Usiku nilitafuta kwenye simu kwa nini achari ya malimau huharibika. Nikapata maelezo mengi. Chumvi kidogo mno. Maji. Malimau yaliyo juu ya maji yake, yanayopata hewa. Hakuna mahali palipotaja wasichana. Niliamini kila neno, na asubuhi nikachukua taulo tena. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Kichwa kilishasoma, mkono ulikuwa bado haujasoma.

Jumatatu shule, Jumanne shule. Kabla ya basi nilikuwa naibeba kwa taulo, naiweka, nasimama pale kiasi cha muda wa kuitikisa, naingia ndani. Jioni naibeba tena. "Umeitikisa?" "Nimeitikisa." Magharibi nainama na kuinuka. Jumanne nilijaribu kusema kichwa kinaniuma ili nisali chumbani, Bibi akasema, "Basi tusali upesi ukapumzike," akasoma sura fupi fupi kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu! Nilikuwa nyuma yake nalia bila sauti na yeye hajui.

Jumatano nilirudi shuleni saa tisa na nusu. Kulikuwa na ukungu mzito tangu asubuhi, ule wa baridi unaofanya hata ndege zichelewe, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia kidogo. Niliiona kutoka getini. Malimau ya juu, yaliyokuwa yamechungulia nje ya maji, yalikuwa na utando mweupe. Si mwingi. Kama unga mtu alioupuliza. Nilisogea, nikanusa kupitia kitambaa kilichofunika mdomo wa chupa. Kilikuwa na harufu ya mkate mbichi.

Nikaweka begi chini. Nakumbuka nilisema kwa sauti, peke yangu, "Nimeua."

"Umeua nini?"

Bibi alikuwa mlango wa nyuma na fimbo yake. Hatoki uani mara nyingi wakati wa ukungu, kifua kinambana. Akashuka kile kipandio kimoja polepole, akaja, akainama. Akafungua kitambaa, akanusa, uso haukubadilika. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: hakuutazama utando. Akainama zaidi akatazama chini ya chupa. Akaweka kidole chake kwenye kioo.

"Hii nini?"

Chini kabisa chumvi ilikuwa imekaa, nyeupe, nene kama kidole, imelala sawa kama mchanga uliopigwa pasi.

"Chumvi."

"Chumvi naijua. Achari iliyotikiswa siku nne haina chumvi chini. Inakuwa imeyeyuka yote. Hii haijatikiswa hata mara moja." Akanyooka. "Wewe binti. Kila siku nakuuliza, na kila siku unaniambia nini?"

Wewe binti. Si mke mwenzangu. Masikio yangu yaliwaka mpaka nikasikia mapigo ndani yake.

"Sisali, Bibi," nikasema.

"Tangu leo?"

"Tangu Jumamosi."

"Jumamosi nilikuuliza."

"Ulipouliza nilikuwa nasali. Ilianza mkono ukiwa ndani. Saa tatu na dakika ishirini. Nikaogopa kuutoa, isije ikawa mikono miwili, na nikaogopa kuitikisa kwa sababu... kwa sababu nisiizidishie. Nilidhani nikiiacha bila kuigusa itasahau."

Kwa kweli nilisema hivyo, itasahau. Dada, aliyekuwa dirishani anajifanya anafuta kioo, alifunga macho.

Bibi akaiegemea fimbo yake. Mimi nilikuwa nangoja aseme kuhusu malimau, kuhusu mti, kuhusu jinsi alivyouamini mkono wangu. Nilikuwa nimeshayapanga yote hayo kichwani na jinsi nitakavyolia kwa kila moja.

"Magharibi ya jana," akasema. "Ulisimama nyuma yangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ya juzi."

"Ndiyo. Sikusoma kitu. Sikutia nia."

"Ulikuwa unafanya nini, basi?"

"Nilikuwa nainama tu."

Akaketi. Hapakuwa na kiti, aliketi kwenye ukingo wa matofali ya bustani, kwenye mchicha, buibui na yote. Dada akatoka mbio.

"Hajati!"

"Niache, sijaanguka. Rudi ndani." Dada hakurudi, alibaki mlangoni. Bibi akanitazama, na sijawahi kumwona mdogo namna ile. "Achari mtu anatupa. Nimeshatupa achari mimi, tena mapipa. Lakini usimame mbele ya Mungu, bila twahara, kwa kuniogopa mimi? Mimi nani? Mimi nakutisha kiasi hicho?"

"Hapana."

"Usiniambie hapana, leo umeshasema uongo wa kutosha. Nakutisha?"

Nilifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tano kufikiri kabla ya kumjibu.

"Wewe hunitishi," nikasema. "Ulipouangalia mkono wangu ukasema huyu ndiye. Hilo ndilo lililonitisha. Sikutaka uliondoe."

Aliokota jani la mchicha alilolikalia akalipeleka huku na huku kwenye vidole. Ndege ikapita, tukangoja ipite, kama tunavyongoja siku zote, hata katikati ya ugomvi.

"Utatubu," akasema. "Peke yako, si mbele yangu. Hilo si langu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mama yako utamwambia wewe, si mimi."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe," akamgeukia Dada, "ulikuwa unajua."

"Mimi, Hajati? Mimi najua kusugua sufuria tu."

"Mwongo mwingine." Lakini alimpa mkono amwinue, na Dada akamwinua, akampangusa majani.

Aliitisha meza ndogo, bakuli na kijiko cha mbao kikavu. Akakataa nisaidie. "Wewe bado, kaa pale." Kwa hiyo masharti yake yalikuwa pale pale, wala sitasema kwamba aliyaacha kwa sababu yangu. Alitoa malimau ya juu moja moja, kwa vile vidole, na kila limau lilimchukua muda mpaka nilikuwa nakunja ngumi ili nisiruke kumsaidia. Malimau kumi na sita. Aliyatupa kwenye bakuli na nikayahesabu yakitua. Aliufuta mdomo wa chupa kwa ndani. Kisha akakata kipande kidogo kutoka limau la chini, akakiweka ulimini, akafumba macho.

Dada akasogea hatua moja kutoka mlangoni.

"Ya chini haijaharibika," akasema. "Nusu chupa na zaidi kidogo."

"Alhamdulillahi," akasema Dada, Mkristo wetu, kabla yangu.

"Lakini maji yamepungua. Malimau hayajafunikwa. Inataka maji ya malimau mengine, ya kutosha kuyazamisha, ama kesho kutwa yatakuwa kama yale." Akautazama mti. Tuliuvua wote ile Ijumaa kabla, yamebaki machache kule juu kabisa, ya kijani, ambayo hakuna aliyeyafikia kwa sababu ya miiba. "Nitamwambia baba yako Ijumaa apande."

"Na mkono wa pili?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Umeshatia wako. Haitachanganyikiwa?"

Bibi akafunika chupa, akaitikisa. Aliikumbatia kifuani na kuipindua huku na huku, na ile chumvi iliyolala chini ikanyanyuka taratibu, ikageuza maji yote kuwa maziwa.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuona."

Jioni ile alipotandika msala hakuniita. Nilikaa jikoni namenya vitunguu na Dada, nikimsikia peke yake sebuleni akivuta pumzi kila anapoinamisha mgongo. Mama aliporudi nilimwambia kabla hajavua viatu. Alinishika kichwa, akasema, "Na mimi mkono wangu wa maji, umewahi kujiuliza nani aliuita hivyo na kwa nini?" lakini hakuendelea, alikuwa amechoka, na hadi leo sijamuuliza.

Asubuhi yake, Alhamisi, niliamka kwa adhana ya Alfajiri. Nikasikia fimbo ya Bibi inakuja kwenye varanda, ikapunguza mwendo mlangoni kwangu. Siku zote anagonga mara mbili. Safari hii hakugonga, alisimama tu, kisha nikasikia inaendelea.

Sikulala tena. Nilivaa nguo za shule, juu yake nikavaa koti la Baba na glavu zake nene za kazini. Basi linakuja saa kumi na mbili na dakika hamsini. Saa kumi na mbili na robo kulikuwa na mwanga wa kijivu wa kuona tawi na mwiba. Nikaegemeza ngazi kwenye mlimau, nikapanda mpaka kipandio cha mwisho, ambacho nimekatazwa, na nikaanza kuyavua ya juu. Mwiba ulipita kwenye glavu na mwingine ukanichana shingo. Nilipata tisa. Mawili yalikuwa madogo kama mayai ya njiwa, lakini nikayachukua pia.

Nikayaweka kwenye beseni kavu. Sikuyakata, sikuyakamua, sikuyafuta hata vumbi. Nikatembea nalo mpaka chumbani kwa Bibi, ambako taa ilikuwa inawaka na alikuwa anasoma uradi wake kwa sauti ya chini, na mimi, ambaye sijawahi kugonga mlango wa mtu bila kurudi nyuma kwanza, nikagonga.

"Nani?"

"Mimi, Bibi. Bado sisali. Nimekuletea malimau."